Jozani, Changuu au Kizimkazi: siku moja tu, na mama ana goti

Mama_Wawili: Assalaam aleykum. Mama mkwe kaja Unguja kutoka Wete, Pemba, anarudi Jumatatu. Nina Jumamosi moja tu ya kumtembeza, pamoja na watoto wawili, miaka 7 na 10. Goti linamsumbua. Nimebakiwa na tatu: msitu wa Jozani wenye kima punju, kisiwa cha Changuu chenye kobe pamoja na fungu la mchanga la Nakupenda, au pomboo wa Kizimkazi. Mliokwenda na wazee, mnasemaje?

Kijana_wa_Malindi: Waaleykum salaam dada. Kwanza tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa saa kumi jioni. Nakupenda asubuhi ni mchanga mweupe mtupu, jioni ni bahari. Tuliwahi kuchelewa kuondoka Forodhani, tukafika fungu limebaki kama mkeka wa kusalia, tukala pweza tumesimama.

Bi_Kirembo: Hilo la boti ndilo la kufikiria. Nilimpeleka baba Changuu: kupanda lazima uingie majini, kushuka vilevile, tukambeba mgongoni na kanzu yake. Alipofika alifurahi mno. Kobe wale wamechorwa umri kwenye magamba, ukiwapa mchicha wanakunyooshea shingo kama mzee anayesikiliza vibaya. Wa kwanza wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jela la huko kisiwani halikuwahi kufunga mfungwa, liligeuzwa karantini. Lakini kwa goti bovu, mwanangu, hapana.

Mvuvi_mstaafu: Kizimkazi futa. Sina ugomvi na pomboo, ugomvi wangu ni boti kumi kumzunguka mmoja, injini zinanguruma, watu wanarukia kichwani mwake. Nilikwenda mara moja na wajukuu, nikamwambia nahodha azime mashine tuwangojee. Hakutaka. Na kusi likivuma, mama atatapika kabla hajaona pezi. Mkipita kule, bora mumwoneshe msikiti wa Dimbani, maandishi ya kibla ni ya mwaka 500 Hijria.

Mpemba_halisi: Mtu wa Wete mnamwonesha msitu? Ngezi tunayo! Na popo wetu wakubwa je, hapo Unguja mnao?

Kijana_wa_Malindi: Popo chukueni 😂 Kima punju ni wa Unguja. Hata hao wa Ngezi walipelekwa wachache kutoka huku miaka ya 70, na kuwaona ni bahati. Jozani wako karibu na barabara, mzee anaweza kuwaona bila kutembea sana.

Mama_Wawili: Mwanangu anauliza: kweli hao kima wanakula makaa?

Bi_Kirembo: Kweli. Majani ya mkungu na mwembe yana vitu vinavyosumbua tumbo, makaa yanasaidia kuvipunguza. Wenyewe wanayaokota kwenye tanuri za makaa. Zamani watu wa shamba waliwachukia, wakisema miti waliyoila hufa, ndiyo maana ya hilo jina punju, yaani sumu.

Mama_Wawili: Jumamosi ni mwezi 16, bado bamvua. Nimemsomea mama majibu yote, kajibu: "Nimepanda meli kutoka Mkoani, boti tena sipandi." Basi ni Jozani.

Kijana_wa_Malindi: Nendeni mapema, na msiiache ile njia ya mbao kwenye mikoko. Mwezi 16 asubuhi maji yamepwa, tope liko wazi, kaa wamejaa. Mbao zinateleza, mshikeni mama mkono. Beba kitambulisho, bei ya wenyeji ni nyingine.

Mama_Wawili (Jumapili): Tumerudi salama. Kima mmoja aliketi karibu na sisi anatafuna majani, mkia unaning'inia, akamtazama mama, mama akamtazama, hakuna aliyekonyeza. Goti halikulalamika. Mdogo kaangusha ndara moja kutoka kwenye mbao, ikatumbukia topeni, na tulipoinama kuitazama kaa alikuwa ameshaingia ndani.