Foleni au mstari? Bango la zahanati moja hapa Tanga

Mwanachumbageni: Jamani, zahanati moja hapa mjini wamefuta "mstari" ukutani, wakaandika kwa rangi nyekundu FOLENI IANZIE HAPA. Rangi imechuruzika mpaka sakafuni. Foleni ni amri ya askari wa Kiingereza, "fall in", yaani ingieni mstarini. Mgonjwa anaamrishwa kama kuruta! Mimi nasema neno la zamani lirudishwe. Nyie je?

Dereva wa Barabara ya 12: Lirudi lipi? Mstari wenyewe asili yake Kiarabu, na safu vilevile. Hao Waingereza nao "queue" wamelitoa kwa Wafaransa, na kwao ni mkia. Ukianza kufukuza maneno ya wageni, hapo zahanati utabaki na ukuta mtupu.

Mwalimu Mstaafu: Dereva, hilo la mkia ni kweli, lakini usilete dharau. Kiswahili kina mpangilio kuliko hicho Kiingereza. "First" halina undugu na "one", limetokana na neno la mbele: aliye mbele ya wote. "Second" ni la Kilatini, anayefuata. Kabla ya hapo wa pili walimwita "other" tu, yule mwingine! Nimefundisha miaka mingi, watoto wananiandikia "oneth" na siwalaumu. Kwetu kwanza ni kuanza, pili ni mbili. Mtoto anaona mwenyewe.

Msambaa wa Lushoto: Mwalimu, watu wa pwani mnajisifu lakini hata wiki hamjui kuihesabu. Jumatano ya tano, kesho yake Alhamisi, nayo kwa Kiarabu ni ya tano. Ya sita mmeipeleka wapi?

Bi Mkubwa wa Ngamiani: "Hamjui kuihesabu" unamwambia nani, mwanangu? Sisi twaanza Ijumaa ikishapita: Jumamosi ndiyo mosi, basi tano yaangukia palepale. Waarabu waanza Jumapili, tano yao ikawa Alhamisi. Ni hesabu mbili, na zote timamu. Hata mwezi wa mfungo mosi twauhesabu Ramadhani ikiisha. Waulize wazee kabla ya kusema.

Msambaa wa Lushoto: Shikamoo mama. Sijatukana. Ila Alhamisi kwenu ni siku ya sita na jina lake tano. Hilo halijajibiwa.

Dereva wa Barabara ya 12: Kaka, mbona Wazungu huwabani? Desemba ni kumi kwa Kilatini, na mwezi ni wa 12. Warumi zamani walianza mwaka Machi. Wameliacha jina, maisha yanaendelea.

Msambaa wa Lushoto: Makosa ya Warumi hayasafishi ya Tanga.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Makosa?! Hebu rudia.

Mwanachumbageni: Tafadhalini, turudi kwenye bango. Leo asubuhi nimesimama pale dakika arobaini. Kila anayeingia hasomi ukuta. Mama mmoja, mtoto mgongoni na kadi mdomoni, kauliza tu, "Wa mwisho nani?" Mzee kanyanyua fimbo, mama kakaa nyuma yake.

Mwalimu Mstaafu: Basi waandike "mlolongo". Hilo ni letu.

Bi Mkubwa wa Ngamiani: Waandike watakalo. Msambaa bado namngoja.