Miwani ya uhalisia pepe Ujiji: je, mgeni atafaidika?

Mwongoza Wageni, Ujiji
Salaam, wanajukwaa. Kijana mmoja wa hapa Kigoma amejitolea kututengenezea onyesho la uhalisia pepe la Ujiji ya mwaka 1871, ili mgeni akivaa miwani ajione yupo pale mwandishi wa habari Stanley alipokutana na mmisionari Livingstone. Wenzangu wamefurahi, ila mimi nasitasita, kwa kuwa wageni wetu wengi ni wanafunzi wanaoshuka kwenye basi kwa mkupuo, na miwani ni ya mtu mmoja mmoja. Mliowahi kuivaa katika makumbusho mengine, iliwapa nini ambacho maelezo ya mwongozaji hayakuwapa?

Bangwe
Ndugu, mimi niliivaa ughaibuni, katika jengo la kale lililobaki kuta tu. Ilinipa ukubwa: niliinua kichwa nikaliona paa ambalo halipo tena, jambo ambalo hakuna maelezo yangeweza kunifanyia. Baadaye picha ilianza kunitembeza ilhali miguu yangu imesimama, kichefuchefu kikanishika, maana macho yanasema unakwenda na sikio la ndani linasema umetulia. Mkikubali, mgeni aketi kwenye kiti, picha isimsogeze, na onyesho liwe fupi. Kwa wanafunzi ningechagua uhalisia ulioongezwa, yaani picha inayojengwa juu ya mandhari halisi kupitia kamera ya simu au kishikwambi, kwa sababu kundi zima hukizunguka kifaa kimoja na kubishana kwa pamoja. Kioo cha simu hakisomeki vizuri juani, lakini chini ya miembe yenu kivuli kipo.

Mwalimu wa Historia, Kasulu
Naunga mkono simu, na ninajua pa kuielekeza. Mwanafunzi akifika kwenye mnara wa kumbukumbu ya Livingstone, swali lake la kwanza ni hili: mbona ziwa liko mbali? Wakati ule Ziwa Tanganyika lilikuwa juu zaidi, kwa kuwa mlango wake wa Mto Lukuga, upande wa magharibi, ulikuwa umezibwa na tope na majani. Kizuizi kilipokwisha kuvunjika, mwishoni mwa miaka ya 1870, na maji yakaonekana yakitoka kwa nguvu, ziwa likashuka na ufuko ukarudi nyuma. Simu ikiyapandisha tena maji hayo mbele ya macho ya mtoto, ataelewa mahali aliposimama. Wazungu wawili wanaosalimiana tayari wanazo sanamu zao ndani ya makumbusho; sioni faida ya kuwarudia kwa umeme.

Mkazi wa Kwihara
Nawasalimu kutoka Tabora. Mwalimu amesema kweli, nami naongeza wapagazi. Hapa kwetu, kwenye tembe, yaani nyumba ya udongo, walilofikia Stanley na Livingstone mwaka 1872, mgeni husikia majina yao mpaka masikio yakachoka, wakati mizigo ya msafara ilibebwa mabegani na watu, wengi wao Wanyamwezi. Ninachohofia ni kubuni. Maandishi mengi tunayotegemea, ya mpelelezi Mwingereza Burton aliyefika Ujiji mwaka 1858 na ya Stanley baada yake, ni ya wageni waliotazama walichotaka kukitazama, na fundi atalazimika kujaza mapengo kwa kukisia sura, mavazi na hata mpangilio wa soko. Maelezo ya mdomo mgeni huyahoji, lakini akishaona kwa macho huamini. Mwambieni huyo kijana sehemu za kukisia azipake rangi hafifu, na mwongozaji azitaje waziwazi kabla ya simu kuwashwa.