Mrejesho: rufaa yangu ya kukataliwa kwa sababu ya shinikizo la damu

Ndugu zangu, niliwaomba ushauri baada ya kuondolewa kwenye mchujo wa kuajiriwa na jeshi la zimamoto kwa sababu daktari aliyetupima aliandika kwamba nina shinikizo la juu la damu. Niliuliza kama uamuzi huo unaweza kupingwa, na sasa nimerudi na jibu.

Kwanza niliomba kwa barua nakala ya fomu ya upimaji, na hapo ndipo kasoro ilipojitokeza: kilikuwa kimeandikwa kipimo kimoja tu, 152/94, kilichochukuliwa mara baada ya mbio, nikiwa bado nahema na jasho likinitiririka. Kipimo kimoja cha namna hiyo hakitoshi kumtangaza mtu kuwa mgonjwa. Daktari bingwa wa moyo alinivisha kifaa cha kupima kwa saa 24, kikawa kinanikaza mkono kila baada ya muda, hata usingizini, na wastani ukawa 121/76, ilhali kwa kifaa hicho shinikizo huhesabiwa kuwa la juu kuanzia 130/80.

Niliambatisha ripoti hiyo kwenye rufaa, nikaiwasilisha ndani ya muda uliotajwa, na nakala yangu ikagongwa muhuri wa mapokezi. Muhuri huo uliniokoa, kwa maana baadaye niliambiwa kwamba rufaa yangu haionekani. Wiki iliyopita nilipimwa upya na jopo la madaktari watatu, safari hii nikiwa nimeketi na kutulia, wakaandika kwamba ninafaa kiafya.

Naanza mafunzo na kundi lijalo. Wewe uliyenishauri nianze na fomu kabla ya malalamiko, nakushukuru kwa dhati.