Land Cruiser 80 iliyonyanyuliwa: nitajuaje imepanda kiasi gani, na nichague shokapu zipi?

Mkazi wa Njiro

Wakuu, habari za wakati huu. Nimenunua Land Cruiser 80 ya mwaka 1996, injini ya 1HZ, kwa mtu aliyekuwa akiitumia kupeleka vifaa vya kambi Engaresero, kando ya Ziwa Natron. Kwamba gari limenyanyuliwa linaonekana kwa macho, ila muuzaji naye alilikuta hivyo hivyo, hana risiti ya springi wala hajui ni za inchi ngapi. Shokapu zote mbili za nyuma zinavuja mafuta, na za mbele zinagonga kila tairi linapodumbukia shimoni.

Kila duka ninaloingia naulizwa swali lilelile: gari limepanda inchi ngapi? Nimepima kutoka chini hadi ukingo wa madigadi, nikalinganisha na 80 ya jirani yangu ambayo haijaguswa, nikapata tofauti ya sm 7. Muuzaji mmoja akasema hizo ni inchi 3, mwingine akasema ni 2. Tairi zangu ni 285/75R16, za jirani ni 275/70R16. Jambo jingine: nikiwa kwenye lami ya Makuyuni, mwendo ukifika kilomita 90 kwa saa usukani unakuwa mwepesi na gari linatangatanga. Je, shokapu mpya zitaondoa tatizo hilo pia?

Fundi wa Sakina

Mkuu, hongera kwa gari. Kipimo cha kutoka ardhini kinachanganya vitu viwili, springi na tairi, kwa hiyo kiache. Tairi la 285/75R16 lina kipenyo cha mm 834 hivi, na la 275/70R16 lina mm 791. Nusu ya tofauti hiyo, yaani sm 2 na kidogo, ndiyo inayoinua gari, kwa kuwa ekseli inakaa katikati ya tairi. Ukiziondoa kwenye sm 7 zako unabaki na sm 5, na hizo ndizo inchi 2.

Usiishie kwenye hesabu hiyo, pima upya. Egesha gari mahali tambarare, tangi likiwa na mafuta ya kawaida na mizigo unayobeba siku zote ikiwa ndani, lisukume mbele na nyuma kidogo ili springi zikae sawa, kisha pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu kwenda juu wima hadi ukingo wa madigadi, kila kona peke yake. Hapo ukubwa wa tairi na upepo uliomo havihusiki tena. Fanya vivyo hivyo kwa gari la jirani, ukikumbuka kwamba springi zake nazo zina umri wa karibu miaka 30 na huenda zimelala, hivyo tofauti utakayoipata inaweza kuwa kubwa kuliko unyanyuaji halisi. Ukisugua matope kwenye springi zako unaweza kukuta namba ya mtengenezaji, na hiyo itakuambia mengi kuliko futi ya kupimia: springi ileile iliyotengenezwa kwa gari lenye bampa ya chuma na winchi, ukiifunga kwenye gari tupu, italipandisha zaidi ya inchi zilizoandikwa kwenye boksi.

Sasa nije kwenye jambo ninalolisisitiza kwa kila mteja. Inchi za unyanyuaji hazitoshi kuchagua shokapu. Shokapu inachaguliwa kwa urefu wake ikiwa imefungika yote na urefu wake ikiwa imevutika yote, na vipimo hivyo unavipata chini ya gari lako mwenyewe. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima umbali kati ya kiungo cha juu na cha chini cha shokapu. Kisha pima nafasi iliyopo kati ya ekseli na raba inayozuia ekseli isigonge chesisi.

Tuseme umepata sm 50 kati ya viungo na sm 12 hadi kwenye raba, na raba yenyewe ikibanwa kwa nguvu inaingia ndani sm 3 nyingine. Maana yake ekseli inaweza kupanda sm 15, kwa hiyo shokapu iliyofungika yote ni lazima iwe fupi kuliko sm 35. Ikiwa ndefu kuliko hapo, siku gari litakapotua kwenye korongo na mzigo mgongoni, shokapu ndiyo itakayopokea pigo badala ya raba, na itapasuka au kung'oa kishikio chake. Upande wa kushuka, kama shokapu iliyovutika yote ina sm 58, basi gurudumu limebakiwa na sm 8 tu za kudumbukia. Nadhani huko mbele kwako ndiko kunakogonga: mtu aliweka springi ndefu akaacha shokapu za urefu wa kiwandani, na zile sm 5 alizopandisha amezitoa zote kwenye mwendo wa kushuka.

Lakini usikimbilie shokapu ndefu kupita kiasi. Shusha ekseli kwa jeki, gari likiwa juu ya stendi imara, uangalie ni kitu gani kinakaza kwanza. Mara nyingi ni mpira wa breki, yaani bomba laini la mafuta ya breki, na mahali pengine springi inalegea hadi inataka kutoka kwenye kikombe chake. Shokapu ndiyo iwe ya kwanza kufika mwisho, kabla mpira wa breki haujavutwa.

Dereva wa Longido

Naongeza kuhusu kutangatanga, kwa sababu shokapu pekee hazitaliponya. Mbele ya 80 kuna ekseli ngumu inayoshikwa na mikono miwili mirefu iliyofungwa kwenye chesisi. Gari likipanda, mikono hiyo inazunguka na kuipindua ekseli, na ule mlalo wa nyuma unaoufanya usukani urudi wenyewe katikati unapungua. Kwa inchi 2 unaweza kupoteza digrii 2 au 3, ilhali kiwandani hazikuwapo nyingi za kuchezea. Dawa yake ni bushi (raba za kwenye viungo) maalumu zenye tundu lililosogezwa pembeni, kisha ukapime kwenye mashine ya alaimenti, inayopima mkao wa magurudumu, ili upate namba iliyoandikwa.

Kagua pia valvu ya breki iliyo nyuma, yenye mkono ulioungwa na ekseli. Mkono huo hupima mzigo kwa kuangalia chesisi iko juu kiasi gani, kwa hiyo gari likinyanyuliwa valvu hudhani halina mzigo na hupunguza nguvu ya breki za nyuma. Kishikio chake kinapaswa kusogezwa kwa kiasi kilekile gari lilichopanda. Nimeona magari mengi yaliyosahauliwa hapo, na ni jambo la usalama wa watu walio ndani.

Mkazi wa Njiro

Nawashukuru sana. Nimepima kutoka kitovuni: mbele nimemzidi jirani sm 5, nyuma sm 4, na kushoto na kulia zinatofautiana kwa nusu sentimita. Valvu ya breki haijaguswa kabisa, kishikio kipo palepale cha kiwandani. Je, nibadilishe shokapu za nyuma pekee, kwa kuwa ndizo zinazovuja, au zote nne?

Fundi wa Sakina

Tofauti ya nusu sentimita isikusumbue. Zote nne, mkuu. Za mbele, hata kama hazivuji, ni fupi kwa springi ulizonazo. Ukitaka kujua hali yake, pita kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama bati kwa kilomita 15 au 20, simama, ushike kila moja kwa tahadhari kwa mgongo wa mkono. Shokapu inayofanya kazi inapata joto, na ile iliyo baridi kuliko mwenzake wa upande wa pili imekufa. Kwa njia za Natron mimi ningechagua za gesi zenye mwili mnene, kwa sababu mafuta yakichemka na kutoa povu shokapu huacha kuzuia springi. Mwambie muuzaji uzito unaobeba, ili ukazaji wa shokapu ulingane na springi.

Wakati wa kufunga, nati za juu za mbele utazifikia ukifungua boneti. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi, na ushike ncha ya shafti kwa spana ili isizunguke pamoja na nati. Bolti za chini zenye bushi zikazwe za mwisho, gari likiwa limeshushwa kwenye magurudumu yake. Fundi akizikaza ekseli ikiwa inaning'inia, bushi inabaki imejipinda muda wote gari linaposimama na itachanika mapema. Baada ya safari ya kwanza ya barabara mbovu rudi uzikague nati zote nane.