Kupiga picha za Mwezi na sayari kupitia darubini: Canon ya zamani, kamera ndogo ya sayari, au simu?

Kijana wa Kampemba

Habari zenu, wakubwa na wadogo. Shangazi yangu anasafiri kwenda Dubai Ijumaa ya wiki ijayo, na amekubali kuniletea kitu kimoja kisichozidi dola 300. Nina darubini hapa Lubumbashi, na kwa mwaka mzima nimekuwa nikitazama kwa jicho tu. Sasa nataka kuhifadhi ninachokiona: Mwezi kwanza, halafu Mshtarii na mikanda yake, na Zohali na pete zake.

Naona njia tatu. Ya kwanza ni kununua pete ya kuunganishia kamera yangu ya Canon EOS 550D kwenye darubini. Ya pili ni kununua kamera ndogo ya sayari kama ZWO ASI224MC, ambayo huingizwa mahali pa lenzi ya jicho na kupeleka picha kwenye kompyuta. Ya tatu ni kishikizo cha kufungia simu nyuma ya lenzi ya jicho. Ninyi mngechagua ipi?

Mwalimu wa Ruashi

Karibu, mdogo wangu. Umetutajia kamera tatu lakini hukututajia darubini, na ndiyo itakayoamua. Kioo chake kina kipenyo gani, na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale sura inapoundwa) ni milimita ngapi? Stendi yake ni ya aina gani, na ina mota au unaizungusha kwa mkono? Una kompyuta ya mkononi, na tundu lake la USB ni la kizazi cha 3 au cha 2? Hatuwezi kukushauri kabla ya kuyajua hayo.

Mama Anga

Mwanangu, anza na simu. Mimi napiga picha za Mwezi kwa simu tangu miaka mitatu, nikiwa barazani kwangu Katuba, na wajukuu wamejifunza majina ya kasoko kutokana na picha hizo: Tycho, Copernicus, Clavius. Kishikizo hakigharimu sana, hakihitaji kompyuta, na umeme ukikatika unaendelea na kazi. Jambo la kuzingatia ni kushusha mwangaza kwa mkono kwenye programu ya kamera, kwa sababu simu ikiachwa ijiamulie yenyewe hulitazama lile giza lililozunguka sayari, ikaongeza mwanga, na Mshtarii ikatoka kama doa jeupe lisilo na mkanda hata mmoja.

Kijana wa Kampemba

Naomba radhi, Mwalimu. Darubini ni ya vioo, aina ya Newton, kipenyo milimita 130, fokasi milimita 650. Stendi ni ya ikweta, ile ambayo mhimili wake huelekezwa kwenye ncha ya anga, na haina mota. Kompyuta ninayo, na ina tundu moja la USB 3.

Mwalimu wa Ruashi

Sasa tunaweza kupiga hesabu. Ukitaka kujua ukubwa wa Mwezi juu ya sensa, yaani kile kibao cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, gawa urefu wa fokasi kwa 110. Kwa milimita 650 unapata Mwezi wa milimita 6 hivi. Sensa ya Canon yako ina milimita 22.3 kwa 14.9, kwa hiyo Mwezi mzima unaingia na nafasi kubwa inabaki. Sensa ya ASI224MC ina milimita 4.9 kwa 3.7 tu. Mwezi mzima hauingii humo, nawe italazimu upige vipande vipande na kuviunga baadaye.

Kwa sayari mambo yanageuka. Mwezi huu wa Juni, Mshtarii inazama mapema upande wa magharibi, na mwishoni mwa Julai itapita nyuma ya Jua. Itakapofika mkabala na Jua, yaani upande wa pili wa anga ambako huonekana usiku kucha, tarehe 10 Februari 2027, sisi tutakuwa katikati ya mvua. Usinunue kitu kwa ajili ya Mshtarii peke yake. Zohali itakuwa mkabala na Jua tarehe 4 Oktoba 2026, kiangazi chetu kikiwa hakijaisha kabisa, na itapita juu ya Lubumbashi kwa zaidi ya digrii 70 kutoka upeo wa macho, ambako hewa ya kupenya ni nyembamba. Pete zake bado hazijafunguka sana tangu zilipoonekana ukingo mwezi wa Machi 2025, lakini zitaonekana. Upana wa pete utakuwa kama sekunde 44 za tao (sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3600 ya digrii), na kwa fokasi ya milimita 650 huo ni mstari wa milimita 0.14 juu ya sensa. Kwa sababu hiyo, kamera yoyote utakayochagua utahitaji pia lenzi ya Barlow ili kurefusha fokasi.

Kipushi Usiku

Mimi natetea Canon. Tayari unayo, na watu wengi hawajui kwamba 550D ina namna ya kurekodi video ya pikseli 640 kwa 480 kwa kutumia katikati ya sensa pekee, pikseli kwa pikseli, bila kubana picha. Hiyo inakaribia sana kazi ya kamera ya sayari. Nunua pete, nunua Barlow, na pesa itakayobaki weka mafuta kwenye gari uje huku Kipushi, mbali na taa za mjini.

Fundi wa Vioo

Ndugu wa Kipushi, kwa Mwezi na sayari taa za mji hazina madhara yoyote ya maana, maana vitu hivyo vinang'aa kuliko mwanga uliotawanyika angani. Kinachoharibu picha ni hewa inayotikisika. Mabati yaliyopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto hadi usiku, na ukielekeza darubini juu ya paa la jirani utaona Zohali ikichemka. Afadhali asimame kwenye nyasi katikati ya Kampemba kuliko kwenye sakafu ya saruji huko Kipushi. Halafu, usiku wa Juni una baridi, na kioo kilichokaa ndani ya nyumba hakitatulia mpaka kipoe. Kitoe nje saa nzima kabla ya kuanza.

Kipushi Usiku

Fundi, nimekubali kuhusu taa, lakini moshi je? Kuanzia Agosti, watu wanapochoma majani, anga la mjini linakuwa kama limefunikwa na shuka. Huku kwetu ni afadhali.

Fundi wa Vioo

Moshi hupunguza mwanga bila kutikisa picha. Nimewahi kuona Mwezi mwekundu kwa moshi, na kasoko zake zikiwa zimetulia kama zimechorwa. Na majani yanachomwa pande zote, Kipushi pia.

Binti wa Kamalondo

Kaka wa Kampemba, kabla shangazi hajalipa, naomba nikueleze yaliyonipata mimi, kwa sababu nilianza na darubini inayofanana na yako.

Niliagiza kamera ndogo ya sayari kwa muuzaji mmoja aliyeniambia kwamba kila kitu kimo ndani ya sanduku. Usiku wa kwanza ulikuwa wa Julai, anga safi, nikaichomeka na kuanza kuitafuta Mshtarii. Saa mbili nzima sikuiona. Kwa Barlow ya mara 2, fokasi yako itakuwa milimita 1300, na sensa ndogo kama ile itaona kipande cha anga chenye upana wa dakika 13 za tao tu, chini ya nusu ya Mwezi. Darubini yangu ndogo ya kulengea ilikuwa imepinda kidogo. Kwa lenzi ya jicho kasoro hiyo haikuonekana, lakini kwa kamera ilitosha kunikosesha sayari. Nilipoipata hatimaye, ilivuka sensa kwa sekunde 50 hivi na kutoka, kwa sababu nami sina mota. Kila nilipogusa kirungu cha stendi, picha iliruka.

Nikajitahidi kurekodi hivyo hivyo. Sensa nzima hutoa karibu megabaiti 1.3 kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya video, na kwa fremu 60 kwa sekunde, dakika mbili ni gigabaiti 9. Kompyuta yangu ilikuwa na USB ya kizazi cha 2, kwa hiyo fremu zilikuja kwa kusuasua, na diski ikajaa kabla sijamaliza rekodi ya nne. Umeme ukakatika, betri ya kompyuta ikazimika, na faili ya mwisho ikaharibika. Asubuhi nilipotazama rekodi tatu zilizobaki, rangi zote zilikuwa za waridi, kwa sababu kamera ilihitaji kichujio cha kuzuia mwanga wa infraredi, nacho hakikuwamo ndani ya sanduku. Nililia, sioni aibu kulisema.

Leo kamera hiyo hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko vyote nilivyo navyo. Lakini ilinichukua mwaka, kichujio, kompyuta nyingine, na kujifunza kurekodi eneo dogo la 640 kwa 480 badala ya sensa nzima. Ukiinunua, nunua pamoja na yote inayohitaji.

Mama Anga

Pole sana, binti yangu. Ndiyo maana nasema simu. Na kuna jambo lingine linalonisumbua: hizi picha zinazotengenezwa na kompyuta kutoka fremu elfu kadhaa, kisha zikanolewa, je, bado ni kile tulichokiona? Mimi nilichopiga ndicho nilichokiona.

Mwalimu wa Ruashi

Mama, kwa heshima zote, nadhani ni kinyume chake. Hewa huipinda sura ya sayari mara nyingi kila sekunde, kwa hiyo fremu moja ni sayari pamoja na kosa la hewa la wakati huo. Programu kama AutoStakkert huchagua fremu zilizotulia, huzilinganisha na kuzirundika, na makosa ya hewa hufutana huku sura ya kweli ikibaki. Jicho lako barazani hufanya vivyo hivyo: unasubiri ule mpepeso mmoja hewa inapotulia, na unaukumbuka huo. Unaponoa kupita kiasi na kuzusha mistari isiyokuwapo, hapo nakubaliana nawe kabisa. Mpaka mwingine ni muda: Mshtarii hujizungusha kwa chini ya saa 10, kwa hiyo rekodi isipite dakika mbili au tatu, la sivyo alama zake zitavutika.

Fundi wa Vioo

Turudi kwa kijana. Hakuna aliyemuuliza kama Canon itafikia fokasi. Newton nyingi ndogo zimetengenezwa kwa jicho, na sura huundwa karibu mno na mdomo wa bomba la kufokasi. Canon pamoja na pete yake huweka sensa milimita 55 nyuma ya pete. Sura isipofika huko, utazungusha bomba mpaka mwisho na Mwezi utabaki ukungu.

Kipimo ni rahisi. Toa lenzi ya jicho, ingiza bomba ndani kabisa, lenga Mwezi, kisha shika karatasi nyeupe nyuma ya mdomo na uisogeze mpaka uone Mwezi mdogo wenye ukingo mkali. Pima kwa rula kutoka mdomo hadi karatasi. Fanya hivyo kwa Mwezi tu; kwa Jua, kamwe.

Kijana wa Kampemba

Fundi, nimepima usiku huu. Mdogo wangu alishika tochi na rula, na Mwezi ulitokea kwenye karatasi, mdogo kama punje ya mbaazi, hata zile tambarare zake nyeusi ziitwazo bahari zilionekana. Nimepima mara nne. Ni milimita 31.

Fundi wa Vioo

Basi unapungukiwa milimita 24. Canon peke yake haitafokasi kwenye darubini hiyo.

Kipushi Usiku

Si lazima aiache. Asogeze kioo kikubwa mbele ndani ya bomba kwa milimita 25, kwa skrubu ndefu zaidi au kwa kukata bomba. Mimi nilifanya hivyo.

Fundi wa Vioo

Inawezekana, lakini akumbuke kwamba darubini yake ni f/5, yaani fokasi ni mara 5 ya kipenyo. Akisogeza kioo milimita 25, mwali wa mwanga utafika kwenye kioo kidogo ukiwa mpana zaidi kwa milimita 5, na kingo za mwali zitapotea. Kisha atapaswa kunyoosha vioo upya. Barlow huisukuma sura nje, na baadhi yake zina nyuzi za kufungia pete ya kamera moja kwa moja. Kwa Barlow ya mara 2 Mwezi utakuwa na milimita 12, na bado utaingia wote kwenye Canon.

Mwalimu wa Ruashi

Mimi ningetumia pesa kwenye mota kabla ya kamera yoyote. Ila kwanza hakikisha stendi yako inaweza kuinama hadi digrii 11 na kitu, ambayo ndiyo latitudo yetu. Stendi nyingi za ikweta zimefikiriwa kwa ajili ya Ulaya, na kwa pembe ndogo hivyo uzito wa kusawazishia hugonga mguu wa stendi. Na kusini hatuna nyota angavu ya kulengea ncha ya anga. Sigma Octantis, nyota iliyo karibu na ncha hiyo, ni hafifu, na kwa kimo hicho huzama kwenye vumbi.

Kijana wa Kampemba

Uzito unagonga, Mwalimu. Siku zote nilidhani ni mimi ninayeufunga vibaya. Huwa nazungusha mguu mmoja uelekee kaskazini ili upite.

Binti wa Kamalondo

Shangazi anaondoka Ijumaa, bado kuna Jumamosi moja. Njoo nayo Kamalondo, nitaweka kamera yangu kwenye darubini yako, na Barlow yangu kwenye Canon yako. Zohali inachomoza baada ya usiku wa manane. Utaona mwenyewe ni kipi unachoweza kukivumilia usiku kucha.

Kijana wa Kampemba

Asante, dada. Nimeomba ruhusa nyumbani, na kaka yangu atatuleta kwa gari. Nitakuja mapema, ili kioo kipate kupoa.