Tupeane uzoefu: Waayalandi wa kusimuliwa na Waayalandi tunaoishi nao

Nesi wa Zamu (Cork)
Wakuu, habari za humu. Ndugu yangu wa Morogoro kanipigia simu, kaniuliza kama bado niko "kwa wale walevi". Ukitaja Ayalandi tu, watu wana orodha tayari: pombe, ngumi, nywele nyekundu, viazi, maneno mengi. Mimi nahudumia wazee huku, na wamo ambao hawajaonja kileo tangu wazaliwe. Wanavaa beji ndogo ya Moyo Mtakatifu kwenye koti. Ni ya chama cha Kikatoliki cha wasiokunywa pombe, kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898, na watoto wengi walikuwa wakiahidi siku ya kipaimara kwamba hawatagusa pombe hadi wafikishe miaka 18. Baadhi wakaendelea hivyo hivyo hadi uzeeni. Mlioishi nao kazini, shuleni au parokiani, mmeona nini? Na hizi sifa alizitunga nani?

Mzee wa Makabrasha
Mtunzi wa kwanza ni jirani aliyewatawala. Karne ya 12 Wanormani walivuka bahari kutoka upande wa Uingereza na Wales wakaivamia Ayalandi. Kasisi mmoja wa ukoo wa wavamizi hao, Gerald wa Wales, akaandika kwamba wenyeji ni washenzi, wavivu, hawajui kulima. Alichowasifu ni kupiga vyombo vya muziki, basi. Kwa hiyo hata ile sifa nzuri ya "hawa watu wana muziki" imo kwenye kitabu kile kile cha matusi. Sisi tuliotawaliwa kazi hii tunaifahamu: ukitaka shamba la mtu, tangaza kwanza kwamba kalishindwa.

Karne ya 19 ndiyo picha zilichorwa hasa. Jarida la Punch la London lilimchora Mwayalandi kwa sura ya nyani. Kule Marekani, mwaka 1871, mchora katuni Thomas Nast alimchora kwenye jarida la Harper's Weekly akiwa na sura hiyo hiyo, ameketi juu ya pipa la baruti, chupa mkononi. Sasa angalia waliochorwa walikuwa akina nani. Ugonjwa wa viazi, chakula chao kikuu, ulianza 1845. Ndani ya miaka michache watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, wengine zaidi ya milioni wakahama, huku nafaka na mifugo ikiendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Waliofika New York na Boston walirundikana vyumba vya hovyo, wakachimba mifereji na kujenga reli. Mtu wa maisha hayo akinywa Jumamosi na kugombana, mwenye gazeti anaandika kwamba ni damu ya kabila lake.

Dereva wa Dorchester (Boston)
Mzee umemaliza. Nachoweza kuongeza ni kwamba Waayalandi wa filamu ni hawa wa huku Marekani. Tarehe 17 Machi mimi huwa sipokei abiria baada ya saa mbili usiku, watatapikia kiti. Ila kwenye nchi yenyewe, kwa miongo kadhaa ya karne iliyopita, sheria ilifunga baa siku hiyo ya Mtakatifu Patrick! Ilikuwa siku ya misa. Na Ijumaa Kuu waliruhusu baa kuuza pombe mwaka 2018 tu. Kelele za rangi ya kijani tumezikuza sisi huku. Chicago ndio wanaotia mto wao rangi tangu 1962.

Bi Likoni (Galway)
Tusiwasafishe kupita kiasi lakini. Mimi Muislamu, nafanya kazi nao, na Ijumaa jioni wote huelekea baa. Baa yenyewe si ile mnayoifikiria: bibi anakunywa supu, mtoto anachora, pembeni watu wanapiga fidla. Shida ni raundi. Mkiwa sita, kila mtu hununulia wenzake wote kwa zamu, na ukiondoka kabla zamu yako haijafika utasemwa mwaka mzima. Hata aliyetosheka analetewa nyingine. Mimi nilisema mapema simo kwenye raundi. Wakaelewa, na soda wananiletea bila kuuliza. Serikali yao iliweka bei ya chini ya pombe kisheria mwaka 2022, hawakufanya hivyo kwa mchezo. Ila siku hizi wanakunywa kidogo kuliko mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Mwanakitui
Kwetu Kitui mapadri wa Kiltegan, wamisionari kutoka Ayalandi, walikuwepo tangu miaka ya 1950. Yule wa parokia yetu ulevi wake ulikuwa chai. Nilipofika kwao nikaelewa: wanakunywa chai kutushinda, na majani mengi yanatoka Kenya. Ukikaribishwa, unakataa, unabembelezwa, unakataa tena, ndipo unapokea. Marehemu nyanya angewapenda.

Mtu wa Iten
"Wana hasira"? Bruda Colm O'Connell, mtawa na kocha wa Kiayalandi, yuko hapa Iten, Kenya, tangu 1976, alimlea mkimbiaji David Rudisha kimbio. Mpole, anaongea taratibu. Nyie mnasema nini?

Kaka Mkubwa (Dublin)
Mimi nigeuze upande. Hata sifa ya ukarimu naitilia shaka. Kituo cha basi utapigwa stori na mtu humjui, atakuuliza hadi jina la mama yako. Lakini nimekaa miaka na majirani wakarimu kwelikweli ambao mlango wao sijauvuka. Na Novemba 2023, usiku ule magari na mabasi yalipochomwa katikati ya jiji huku watu wakipiga kelele dhidi ya wageni, nilirudi nyumbani kwa miguu nimevuta kofia ya jaketi hadi puani. Asubuhi yake jirani huyo huyo aligonga kuuliza kama niko salama. Akasimama mlangoni.

Nesi wa Zamu (Cork)
Pole sana kaka. Ungemkaribisha chai, akatae mara mbili.

Fundi Umeme (Limerick)
Nywele nyekundu: kazini kwetu ninayemjua ni mmoja, tena Mskoti. Lakini viazi jamani, hapo siwatetei. Kwenye harusi nimewekewa sahani moja yenye vya kuponda, vya kuoka na chipsi, halafu mhudumu akarudi kuuliza kama niongezwe.