Tupeane uzoefu: ritena baada ya kutoa waya za meno, mlilipa kiasi gani?

Habari zenu wakuu. Binti yangu anatolewa waya mwezi ujao, hapa Dar. Bei ya waya tuliambiwa mapema na tukalipa kwa awamu, lakini ritena, kile kifaa cha kuzuia meno yasirudi yalikotoka, haikutajwa hadi juzi: laki mbili kwa kila taya. Daktari anasema bila ritena meno yatarudi, kwa kuwa nyuzi zinazoshikilia jino kwenye mfupa bado zinalivuta lilikotoka. Hilo nimemwelewa. Nyinyi mlioshapita huko, mlichukua ipi, na ilipoharibika mlilipa tena bei ileile?

Mama Wawili, Arusha:
Yangu ni ya plastiki angavu, ukicheka haionekani. Msichana wangu wa kazi aliisuuza kwa maji ya moto akijua anaua vijidudu, ikajikunja, haikuingia tena. Kliniki walinipunguzia kwa sababu modeli ya plasta ya meno yangu walikuwa nayo bado. Mama, siku ya kutoa waya omba modeli uondoke nayo! Mradi meno hayajasogea, wanaitumia hiyohiyo kutengeneza ritena mpya.

Mkaazi wa Nairobi:
Mimi navaa ile ya waya yenye plastiki ya kukaa kwenye kaakaa. Mwanzoni inasumbua kuongea. Lakini waya ukilegea daktari anaukaza tu, hutengenezi mpya. Ninayo tangu 2016, siku hizi naivaa usiku pekee.

Msukuma wa Mwanza:
Nimegandishiwa kawaya nyuma ya meno ya mbele ya chini. Hakapotei, kwa mtoto msahaulifu ni afadhali. Gharama iko kwenye usafi: ugaga unajijenga pale, uzi wa meno haupiti vizuri, hivyo kusafishwa kliniki hukwepi. Na gundi ikiachia upande mmoja, wahi siku hiyohiyo.

Kaka Mkubwa:
Ya mdogo wangu ilipotelea bwenini. Hela haikuwepo, tukasema tusubiri. Mwanya wa mbele ukafunguka tena, na sasa anaambiwa waya upya. Inaniuma sana, maana mama aliuza ng'ombe kwa ajili ya yale meno.

Mleta mada:
Kaka Mkubwa, pole sana wewe na mama. Nimewapigia kliniki, modeli watanipa. Nimeomba pia watengeneze mbili kwa mkupuo, ya akiba wapunguze bei, wanafikiria. Kuna aliyetengenezea Muhimbili atuambie bei za huko?